Tanzia Iliyotoka Jikoni

Kondo aliponipigia simu kuniambia kwamba Mzee Maganga amefariki, nilimjibu kwa maneno ambayo mtu mwenye adabu hayasemi mbele ya msiba. Nilisema, "Una uhakika?" Upande wa pili nilisikia mtu akipasua kuni na kuku wakikimbizana, kisha Kondo akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na mzaha ndani yake, "Nimemshika miguu, mtani mdogo. Imepoa." Nilikuwa kwenye kibanda changu Nzega, mahali ninapotengeneza kompyuta za watu na kuwajengea tovuti wenye nyumba za wageni na wanunuzi wa pamba. Kabla sijalia nilihifadhi kazi iliyokuwa mbele yangu, nikaangalia kama imehifadhika, nikaangalia tena, ndipo nikafunga kompyuta na kuinamisha kichwa juu ya meza. Ndivyo nilivyo, nalijua hilo na silipendi. Na njia nzima ya kwenda Tabora, basi likipita kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, sikumfikiria sana marehemu. Nilikuwa naufikiria mwaka ule mmoja niliofanya naye kazi, mwaka ambao alitangazwa kufa akiwa amesimama dirishani, anakula pilau.

Redio yetu ilikuwa ghorofani, katika jengo la zamani la mjini Tabora, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi, kiasi kwamba habari zote tulizosoma zilinuka rangi ya mafuta na misumari mipya. Kulikuwa na studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani ili kuua mwangwi, chumba cha habari chenye meza moja ndefu, na kichumba cha tatu kilichotengwa kwa ubao mwembamba, ambamo mlikuwa na jiko la gesi, sufuria, ndoo za maji, na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mjitolea nisiye na mshahara wala cheti. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu kisha kutengeneza nilichoharibu. Bwana Deo, meneja wetu, alikuwa ameniahidi mbele ya watu: "Shija, nijengee tovuti mpya ya redio. Ikisimama tu, mkataba wa ajira upo mezani." Niliishi kwa sentensi hiyo. Sikuwa na mtu wa kuniambia kwamba kazi imetosha, kwa hiyo haikutosha kamwe. Nilisogeza picha upande huu, nikairudisha, nikabadili rangi ya kichwa cha habari, nikashuka ngazi kwenda nyumbani, nikapanda tena kuhakikisha kwamba nilichokiacha bado kipo. Nakiri pia kiburi kilichojificha chini ya woga huo: niliamini kwamba nisipokuwa na kosa hata moja, hakuna atakayekumbuka kuniuliza nimesoma wapi.

Aliyeingia mara nyingi zaidi kwenye kichumba changu alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Ntalikwa, Mmoraviani, msomaji wa matangazo ya vifo. Mchana sauti yake ilipoanza, mafundi baiskeli waliokaa chini ya jengo walinyamaza, na wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakapunguza muziki. Hakusoma jina la marehemu yeyote kabla ya kuwapigia simu wafiwa ili wamtamkie. "Matokeo ya mpira ukikosea unarekebisha kesho," aliniambia. "Jina la marehemu hulirekebishi kesho, mwanangu. Kesho ameshazikwa." Niliposikia maneno hayo nilihisi nimepata ndugu. Alikuja kuchukua maji ya moto, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua kopo lake la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akawa anaichovya kwenye chai mpaka ilainike. Na nyuma yake hakukosa kuja Kondo, mhariri wa habari, Mzaramo aliyeletwa Tabora na ndoa.

"Mnyamwezi anakula kuni tena," Kondo alisema akiwa bado mlangoni.

"Kuni hizi ndizo zilizowapa babu zangu nguvu za kubeba pembe mpaka pwani," Mzee alijibu bila kugeuka. "Na walipofika kwenu mliwafanyia nini? Mliwauzia maji."

"Tuliwauzia? Tuliwapa bure, wakatuachia chawa."

"Chawa wale walikuwa wenu. Walikuwa wanarudi nyumbani."

Watu wa njia ile ya zamani ya misafara wana haki hiyo mpaka leo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, anaweza kushuka ndani ya kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, nawe utacheka huku machozi yanakutoka. Mimi Msukuma nilikuwa nimo ndani ya utani huo pia, ndiyo maana Kondo aliniita mtani mdogo, ila sikuwa na ulimi wa kumjibu. Nilikuwa nikitafuta jibu lisilo na kosa, na nilipolipata wenzangu walikuwa wameshabadili mazungumzo.

Tovuti ya zamani, ile iliyosomwa na watu, iliendelea kufanya kazi wakati nikijenga mpya. Mpya niliijenga kwenye nakala ya pembeni ambayo hakuna mtu wa nje aliyeweza kuiona. Mzee Maganga aliponiuliza tofauti yake, nilimwambia ile ya watu ni sebule, na hii ya majaribio ni jiko.

"Kwa hiyo huku hata nikivua shati hakuna mgeni anayeniona," alisema.

"Hakuna, Mzee."

"Na siku ya wageni?"

"Siku hiyo tunapeleka sebuleni viti vipya na mapazia mapya. Makombo yanabaki huku."

Nilimaanisha kwamba siku ya kuhamisha, ungehama muundo peke yake, yaani sura ya kurasa na namna zinavyofanya kazi, na maandishi ya kweli yaliyokuwa kwenye tovuti ya watu yangebaki yalivyo. Tovuti mpya ilikuwa na jambo moja nililojivunia kuliko yote: tangazo la kifo likiwekwa, kila aliyejiandikisha, na watu walikuwa wameshaanza kujiandikisha, angepata ujumbe kwenye simu yake papo hapo, awe Nzega au Dar es Salaam, asichelewe maziko. Kule jikoni nilikuwa nimezima huduma hiyo, ili wenzangu wajifunze kuandika bila kumshtua mtu; sebuleni ingewaka yenyewe. Nao walijifunza. Ilipofika zamu ya Kondo, alivuta kiti, akajaza jina, Mzee Yohana Maganga, akajaza umri, akajaza mahali msiba ulipo, nyumbani kwake Ntalikwa, kisha kwenye sehemu ya maelezo akaandika kwamba marehemu alikula michembe mikavu, akanywa maji juu yake, ikamvimbia tumboni. Kwamba ameacha mjane, kopo moja, na deni la maji la tangu enzi za babu zake. Na kwamba Wazaramo wanaombwa wasihangaike kuja kwa kuwa hakuna pilau. Tulicheka mpaka fundi mitambo akagonga ukuta, maana studio ilikuwa hewani.

Nilitaka kulifuta siku hiyo hiyo. Neno la uongo kwenye ukurasa wangu liliniwasha kama upupu. Kondo akakataa: "Msiba wa mtani haufutwi bure. Anipe jogoo." Mzee Maganga naye akakataa: "Jogoo simpi. Na wewe usifute, Shija. Nikifa kweli huyu atalia tu kama mtoto, hatakuwa na maneno mazuri kama haya." Ikawa kila akija kuchukua maji ya moto ananiomba nimfungulie tanzia yake, anaisoma kwa ile sauti ya mchana, taratibu, akivuta pumzi mahali panapostahili, na akifika kwenye pilau anasimama kidogo kwa heshima. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kuifuta kwa nguvu. Jibu langu halijabadilika: jikoni iliruhusiwa kuwepo. Kazi ya jiko ni hiyo.

Wageni walikuja kabla hatujawatarajia, watu wa mfadhili kutoka Dar es Salaam, wenye mashati meupe na simu mbili mbili. Nilimfuata Bwana Deo kwenye ngazi nikamwomba anipe hadi kesho yake, nihamishe, nikague, ndipo awaonyeshe. "Wewe Shija kwako kila kitu kesho," alisema, akirekebisha kola. "Leo tunabonyeza mbele yao. Kitufe si kipo?" Nikamwambia vipo viwili. Cha juu kinahamisha muundo tu. Cha chini kinahamisha kila kitu, pamoja na yote yaliyoandikwa jikoni, na kufunika yaliyoko sebuleni. Abonyeze cha juu. "Cha juu, nimesikia," akasema. "Sasa nenda kawapakulie wageni chakula, mama ntilie amekuja peke yake." Kwa hiyo saa ile kazi yangu ya mwaka mzima ilipokuwa inawashwa, mimi nilikuwa nyuma ya ubao, na upawa mkononi, nagawa pilau, mchuzi na kachumbari.

Ubao ule haukuzuia hata kikohozi. Nilimsikia akisema, "Tovuti hii tumeijenga hapa hapa, nimeisimamia hatua kwa hatua." Nilimsikia mgeni mmoja akiuliza kwa adabu hicho kitufe cha chini kina kazi gani, na Bwana Deo, ambaye hakupenda kuonekana kuna jambo asilolijua, akacheka. "Hicho ndicho kamili. Hatufanyi kazi nusu nusu." Niliita, "Bwana Deo, subiri!" Sauti yangu ikafunikwa na makofi. Simu niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga ikatetemeka kiunoni. Niliisoma huku upawa ukidondosha mchuzi kwenye miguu yangu. TANZIA. Mzee Yohana Maganga. Msiba upo nyumbani kwake Ntalikwa. Basi. Habari za michembe na pilau zilikuwa chini, kwa yule ambaye angefungua na kusoma zaidi, na mtu aliyeletewa habari ya kifo hasomi mpaka chini. Anatafuta nauli.

Nilipotoka, Mzee Maganga alikuwa dirishani na sahani yake, ameishika simu mbali na macho. Alicheka kwanza. "Kondo, umeniua mbele ya wageni." Kondo hakucheka. Naye Mzee akaacha kutafuna. "Mama Eliya anaupata ujumbe huu," akasema, akimtaja mkewe. "Nilimwandikisha mimi mwenyewe." Akampigia, simu ikaita mpaka ikakata. Kondo akamshika mkono wakashuka ngazi wakikimbia, wakapanda bodaboda moja wote wawili. Walipofika Ntalikwa walikuta viti vimetolewa nje na wanawake wako chini wanalia. Mama Eliya alipomwona mumewe anaingia uani alizirai. Alipozinduka alimtazama siku nzima bila kumsemesha, kama mtu anayengoja kuona ataondoka saa ngapi.

Mimi nilibaki na kompyuta. Kitufe kile hakikumwua Mzee Maganga peke yake. Nakala ya jikoni ilikuwa ya zamani, kwa hiyo matangazo ya waliokufa kweli siku zile yalitoweka. Simu za wafiwa zikaanza kuingia: kwa nini mmewafuta watu wetu? Aliye hai alikuwa amezikwa, na waliozikwa walikuwa wamefutwa. Niliwarudisha wote kutoka kwenye nakala ya akiba niliyokuwa nimeitunza asubuhi ile, kwa sababu mimi ni mtu wa kutunza nakala za akiba, na kabla wageni hawajamaliza soda zao sebule ilikuwa safi. Hakuna aliyeuliza nani ameisafisha.

Kesho yake tukaitwa kwenye meza ndefu. Bwana Deo alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. "Mfumo wa Shija umetuaibisha," alianza.

"Sikubonyeza mimi, Bwana Deo."

"Nilibonyeza nilichoambiwa nibonyeze. Kuna mtu hapa alisikia vinginevyo?"

Akazungusha macho. Watu wale wote walikuwa wamemwona. Walikuwa wamempigia makofi. Fundi mitambo akainama kufunga kamba ya kiatu. Msoma habari akawa anakwangua rangi ya kucha. Kondo, mtu anayeweza kumtania jaji mahakamani, alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu ndani. Kiti cha Mzee Maganga kilikuwa kitupu, alikuwa kwake anawapokea watu waliokuja kumzika. "Tusimlaumu sana binti," Bwana Deo akaendelea kwa upole, na upole ule ndio uliobaki mwilini mwangu kuliko matusi yoyote niliyowahi kutukanwa. "Hana hata cheti. Kosa ni langu, kumwamini." Mchana ule redio ikaomba radhi kwa kosa la fundi mjitolea. Mkataba haukutajwa tena. Tovuti haikuondolewa, ilikuwa nzuri, iliendelea.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo na vyeti sasa ninavyo, vimening'inia kibandani kwangu, nami sivitazami. Nilichojifunza pale mezani hakimo ndani yake. Nilijifunza kwamba asiye na cheti hana shahidi, hata chumba kikiwa kimejaa mashahidi.

Mzee Maganga alirudi kwenye maikrofoni, lakini watu walikuwa wameanza. Walipiga simu studio: marehemu anatusomea marehemu wenzake? Vijana wa sokoni walikifanya kifo chake kichekesho, na hao hawakuwa watani wake, kwa hiyo kiliuma. Kisha wafiwa wakaanza kuomba, kwa aibu, tangazo lao lisomwe na mwingine. Akahamishiwa bei za mazao, na baada ya msimu mmoja akaambiwa apumzike nyumbani. Nilikwenda kumwona mara moja kabla sijahamia Nzega. Alikuwa uani anageuza michembe juu ya turubai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nami, badala ya kumuuliza hali, nilimuuliza lililokuwa linanila mimi.

"Mzee, uliona nani alibonyeza?"

"Nilikuwa dirishani, mwanangu. Niliona kidole chake."

"Mbona hukusema?"

Akageuza kipande kimoja, kingine, kingine. "Nani angemsikiliza maiti?" Akacheka. Sikuweza kucheka naye. Mpaka leo sijui kama alinitania ama alinijibu, na nilikasirika, nikamkasirikia mtu aliyepoteza zaidi yangu, nikaondoka bila kumaliza chai. Sikurudi tena mpaka aliponiita Kondo.

Nilitarajia kukuta Ntalikwa imejaa. Mtu aliyewasomea watu wa Tabora misiba yao kwa miaka mingi angestahili kuzibiwa njia na baiskeli za waombolezaji. Nilikuta turubai moja, viti vingi vitupu, wazee wachache wa kanisani, na majirani. Kondo alikuwa ameota mvi. Chini ya kiti chake kulikuwa na jogoo amefungwa miguu, na kwa desturi yeye ndiye aliyepaswa kudai jogoo siku hiyo, si kumleta. "Safari hii nalipa mimi," alisema alipoona namtazama ndege. Nikamuuliza watu wako wapi. "Nimewapigia. Wananiambia, 'Kondo, acha utani wako, ulishatupotezea nauli mara moja.' Wengine wananikatia."

Akakuna kidevu. "Shija, siku ile ya kikao…"

"Najua."

"Nilikuwa na watoto wanasoma."

"Wote mlikuwa na watoto, Bwana Kondo."

Akatoa simu yake akaniwekea mapajani. Bado alikuwa mhariri pale redioni, na ukurasa aliokuwa ameufungua niliujua kabla sijauona vizuri. Ulikuwa wangu. Jina, umri, msiba upo wapi, maelezo. Nafasi kati ya mistari ilikuwa ile ile niliyoihangaikia, na juu ya kitufe bado kulikuwa na maneno mawili niliyoyaweka mimi: Hakiki kwanza. "Andika wewe," Kondo alisema. "Mimi niliandika mara moja, nikamaliza maneno yote." Nikamwita Mama Eliya anitamkie jina la mumewe kamili, ingawa nililijua, kwa sababu ndivyo mumewe alivyofanya. Alilitamka akishika ukingo wa kanga. Kwenye maelezo niliandika kwamba alisoma majina ya watu bila kukosea. Nilisoma tena, nikasoma tena, nikabonyeza.

Simu zikalia uani, moja hapa, moja kule. Ya Kondo ikaita kabla sijamrudishia. Ilikuwa ni Bwana Deo, ambaye siku hizi ni mkurugenzi, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi cha kusikika bila kusogeza sikio.

"Kondo, nani ameweka tangazo la Maganga?"

"Shija."

"Shija yule? Mwambie ahakiki kwanza, bwana. Tusiaibike tena."

Kondo alinitazama. Nilikuwa bado sijaingia ndani, nilikuwa nimekaa na viatu vyangu uani kama mgeni wa kupita. Nikavivua, nikainama kupita mlango mfupi, wanawake wakasogeza miguu kunipa njia mpaka kitandani alipolazwa Mzee. Nimehakiki vitu vingi katika maisha yangu, na kila mara niliogopa kukuta kosa. Pale, mkono wangu ukiwa umeshika ukingo wa shuka, niliomba nilikute.